Dawa za presha orijino na jeneriki: bei zimepishana mbali hivi, kazi ni ile ile?

Kijana_wa_Tabata:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo kwa wanaojua mambo ya dawa, hasa wafamasia na wale wenye wagonjwa wa presha nyumbani.

Mama yangu yuko Moshi, ana presha na kolestro. Daktari aliyemwanzishia alimwandikia Norvasc 10 ya presha na Lipitor 20 ya kolestro na tangu hapo ndo hizo hizo, mie ndo nanunua huku Dar namtumia kwa basi. Boksi la Norvasc la juzi nimetoa elfu 50 na kitu, Lipitor ndo usiseme, kwa mwezi inapita laki moja kwa dawa mbili tu na hapo sijagusa nauli ya kliniki wala vipimo wala mama mwenyewe atakula nini. Na bima hana.

Sasa kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Nilipoenda nyumbani sikukuu nikakuta boksi la mwezi uliopita bado lina vidonge. Nikavuta shiti moja, kuangalia naona vimetolewa kwa kuruka, kimoja kimetoka kinachofuata kipo, na kimoja kimekatwa nusu na kisu cha jikoni halafu ile nusu imerudishwa humo humo kwenye kitundu chake ikazibwa na selotepu. Namuuliza, anasema "mwanangu hizi dawa ni hela nyingi, nikijisikia vizuri napumzika kidogo, nikianza kusikia kichwa narudi". Nilikosa la kusema.

Nikaingia famasi moja pale mjini kuulizia, yule dada akanambia mbona amlodipini zipo, ndo jeneriki ya Norvasc, ya India elfu 4 vidonge 30, ya Ujerumani elfu 10 na kitu. Nikabaki namtumbulia macho. Elfu 4 na elfu 50, kitu kile kile kweli? Mama kusikia akauliza hizo za elfu 4 zinatibu nini, mafua? Na dada yangu mkubwa kaniwakia kwenye simu nisichezee uhai wa mama kwa kubana hela.

Naomba kujua: ni dawa moja au ni ndugu tu? Kuna aliyebadilisha mgonjwa wake yakamkuta? Matusi ya kwamba mtoto wa kiume nashindwa kumtibu mama yangu nayapokea pia ila yaje na ushauri.

Bei_Inaongea:

Mkuu mimi nitakuwa mkweli, bei inaongea. Simu ya laki 1 na simu ya milioni 2 zote zinapiga na kupokea lakini unajua mwenyewe tofauti yake. Hizo za India usiniambie, mwaka 2013 kampuni yao kubwa ya Ranbaxy ilikiri makosa mahakamani Marekani, walikuwa wanapika data za vipimo, wakalipa dola milioni 500. Hao ndo waliokuwa wanatuuzia na sisi huku. Kama kule kwenye wakaguzi wa kila aina walipitisha, huku kwetu je? Kama uwezo upo kanunue orijino, dada yako yuko sahihi.

Dada_wa_Kaunta:

Mimi ni mfamasia, niko kaunta kila siku na hili swali naulizwa asubuhi mpaka jioni kwa hiyo ntajibu kwa urefu mnivumilie.

Kijana, jibu fupi: ni dawa moja. Norvasc kiini chake, yaani dawa yenyewe inayotibu, ni amlodipini, Lipitor kiini chake ni atorvastatini. Kampuni inayogundua dawa inapewa hataza ya miaka 20 hivi, ndani ya muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza ndo maana wanapanga bei wanayotaka, wanarudisha gharama za utafiti na majaribio kwa wagonjwa maelfu, na faida juu. Hataza ikiisha mlango unafunguliwa. Ya Norvasc kule Marekani iliisha 2007, ya Lipitor ikaisha Novemba 2011. Anayekuja baadae, yaani mtengeneza jeneriki, harudii yale majaribio yote maana tayari inajulikana kwamba amlodipini inashusha presha, yeye anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba kidonge chake kinafikisha dawa kwenye damu kwa kiasi kile kile na kwa kasi ile ile. Wanachukua watu wazima wenye afya, wanawapa hiki, wanawatoa damu kila baada ya muda, wanawapumzisha, wanawapa kile kingine, wanawatoa damu tena, wanalinganisha. Halafu wakiwa kampuni 20 wanagombania mteja mmoja bei inaanguka yenyewe. Hiyo ndo elfu 4 yako, haijapungua dawa humo ndani.

Kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu kwamba jeneriki inaruhusiwa kuwa na nguvu asilimia 80 tu. Si kweli, ni watu wamesoma nusu wakakimbilia kushare. Ile 80 mpaka 125 ni mipaka ya hesabu ya kitakwimu kwenye hayo majaribio ya damu, na makadirio yote pamoja na nafasi yake ya kukosea lazima yaingie humo ndani, kwa hiyo dawa iliyopungua asilimia 20 haiwezi kupita. Wamarekani walishakusanya majaribio yao zaidi ya 2,000 ya miaka ya 1996 mpaka 2007 wakakuta wastani wa tofauti kati ya jeneriki na orijino ni kama asilimia 3 na nusu. Hata orijino na orijino ya batchi nyingine zinapishana kidogo.

Jambo jingine ambalo wateja wengi hawalijui. Kwenye shelfu langu dawa ni za aina tatu. Kuna orijino yenyewe ya mgunduzi. Kuna jeneriki yenye jina lake la biashara, na kuna jeneriki iliyoandikwa jina la kiini tu. Watu wakiona boksi zuri lina jina la kuvutia wanajua hiyo ndo orijino. Hizo za Ujerumani mnazozipenda, kina Amlo-Denk, ni jeneriki! Nzuri, sina ubaya nazo, ila ni jeneriki kama hiyo ya elfu 4. Na wewe Bei_Inaongea nikuongezee la kukuudhi, Norvasc na Lipitor siku hizi haziko kampuni ya Pfizer tena, tangu 2020 ziko kampuni inaitwa Viatris, iliyozaliwa pale kitengo cha Pfizer kilipounganishwa na Mylan, na Mylan ni mabingwa wa jeneriki wenye viwanda huko huko India unakokuogopa.

Na niseme ukweli wa biashara yetu japo wenzangu watanuna. Duka linapata faida zaidi ukinunua boksi la elfu 50. Kwa hiyo ukiuliza "hii na hii ipi nzuri" na muuzaji akakimbilia ya ghali bila hata kukuuliza mgonjwa ana nini, jiongeze.

Kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako sio bei, ni ile selotepu. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, akiruka siku moja hasikii kitu, ndo maana anadhani amepumzika salama. Presha haina kengele. Huyo mama kwa sasa hatumii Norvasc, anatumia nusu ya Norvasc. Amlodipini ya elfu 4 anayomeza kila siku itamlinda kuliko orijino anayoiwekea akiba. Ongea na daktari wake, mwambie ukweli kwamba anaruka dozi, maana daktari akikuta presha iko juu bila kujua hilo atamwongezea dawa nyingine.

Bei_Inaongea:

Sawa dada umeshiba elimu lakini mimi naongea kilichonikuta. Mzee wangu alibadilishiwa losatani ya bei chee, wiki zikapita presha iko pale pale 160 na kitu. Tukarudi ya zamani ikashuka. Hapo utaniambia nini, takwimu za Marekani?

Dada_wa_Kaunta:

Sikatai kilichomkuta mzee. Ila orodha ya sababu ni ndefu mkuu. Alikuwa anakunywa kila siku au alikuwa na wasiwasi nayo akawa anakunywa kwa kutegea? Ilikuwa miligramu zile zile? Maana nimeona mtu katoka kwenye 100 kapewa 50 kwa sababu ndo iliyokuwepo, anaambiwa "ni ile ile". Na mashine ya kupimia ilikuwa ile ile?

Halafu inawezekana kabisa lile boksi lilikuwa bovu. WHO walisema 2017 kwamba kama bidhaa 1 kati ya 10 za tiba kwenye nchi zetu hizi ni feki au chini ya kiwango, na hiyo Ranbaxy uliyoisema ni kweli tupu. Ila dawa mbovu haichagui jeneriki. Mtu anayefoji anafoji kinacholipa. Mwaka 2019 WHO walitoa tahadhari ya Augmentin feki, ile antibiotiki, Uganda na Kenya, Augmentin hiyo ni ya kampuni ya GSK, brandi yenye jina kubwa.

Kwa hiyo cha kuangalia ni kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, rejista yao iko wazi kwenye tovuti, unaingiza jina unaona mtengenezaji na nchi. Na TMDA msiwachukulie poa, 2018, wakati huo wakiitwa TFDA, ndo walikuwa wa kwanza Afrika kufikia kiwango cha 3 cha WHO cha mamlaka za dawa. Angalia boksi lisiwe limefunguliwa, karatasi ya maelezo iwemo, tarehe ya kuisha isomeke na ifanane ya kwenye boksi na ya kwenye shiti. Na uangalie dawa ilipokaa! Boksi limeandikwa chini ya nyuzi 30, duka lina bati juu, halina feni, dawa zimepangwa kwenye kioo kinachopigwa jua la mchana la Dar. Hapo hata ukinunua orijino ya laki utakuwa umenunua chaki. Ukihisi dawa haifanyi kazi usiitupe, irudishe na boksi lake utoe taarifa, kituo cha afya au famasi watakusaidia kuifikisha TMDA, tukikaa kimya ndo zinaendelea kuuzwa.

Mama_Kibokoni:

Nami nichangie toka Mombasa. Mwanangu ana pumu, mwanzo nilikuwa siondoki kwa inhela ya Ventolin, nikawa naona hiyo ndiyo pumzi yake. Siku moja kemisti hawana, usiku huo, mtoto kifua chapiga filimbi, wakanipa Asthalin ya Cipla. Nikasoma nyuma, salbutamoli mikrogramu 100, nikaiendea mbio Ventolin ya zamani nikasoma, salbutamoli mikrogramu 100. Akavuta kwa ile chupa yake ya plastiki kifua kikafunguka. Tangu hapo sirudi nyuma.

Ila nawaambieni ndugu zangu muulize zaidi ya duka moja. Hapa kwetu inhela hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo, kemisti ya barabarani kubwa wana bei yao na ukiingia kichochoroni nyuma ya hapo hapo ni bei nyingine kabisa. Watu twagombana brandi na jeneriki na hali pesa zatutoka kwa kuona uvivu wa kuvuka barabara.

Na hizi inhela za kuzuia, zile za kila siku zenye vifaa tofauti, msibadilishe bila kuonyeshwa namna ya kuvuta. Dawa yaweza kuwa ni moja lakini kifaa si kimoja, mtoto avuta hewa tupu nawe wajua amepata dawa. Hilo nimeliona kwa mtoto wa jirani.

Mlezi_Singida:

Naomba nitie breki kidogo hapo maana naona kila mtu anakimbilia "ni dawa moja". Mdogo wangu ana kifafa, anatumia karbamazepini. Alikuwa ametulia kabisa muda mrefu, halafu kituo kikawa kinapewa ya kiwanda hiki mwezi huu, mwezi ujao ya kiwanda kile, mara hakuna kabisa tunanunua mtaani yoyote tunayokuta. Akaanza kuanguka tena. Daktari wa kliniki alisema kwa dawa za aina hiyo tuchague moja tubaki nayo, sio lazima iwe orijino, na tukilazimika kubadilisha aambiwe ili amfuatilie. Sasa tunatumia jeneriki ya kiwanda kimoja, naandika jina la kiwanda kwenye daftari lake la kliniki, na nikisikia wanakaribia kuishiwa nanunua ya ziada mapema.

Dada_wa_Kaunta naomba uthibitishe hapa ili mtu asije akaondoka na ushauri wa presha akaupeleka kwenye kifafa.

Dada_wa_Kaunta:

Mlezi asante sana, hilo lilipaswa kuwekewa bango dukani. Kuna dawa ambazo nafasi kati ya kutofanya kazi na kudhuru ni finyu: za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, wafarini ya kuzuia damu kuganda, levothairoksini ya tezi, lithiamu, na zile za waliopandikizwa figo. Hizo jeneriki zipo na zinatumika, tatizo ni kurukaruka kutoka kiwanda hadi kiwanda bila mtu kupima. Wa wafarini akibadilishiwa lazima apime damu. Na insulini nayo isimame pembeni, inatengenezwa na viumbe hai, zile za kampuni nyingine zinazofananishwa na ya mgunduzi zina utaratibu wake, usibadilishiwe dukani na mtu asiyejua dozi yako. Amlodipini na atorvastatini hazimo humo.

Mdau_2004:

Mimi nipo kimya siku zote kwenye jukwaa hili lakini leo acha niseme. Natumia ARV. Miaka ile naanza kusikia habari za hizo dawa, gharama yake kwa mgonjwa mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, yaani kwa mtu wa kwetu ilikuwa ni hukumu. Februari 2001 hao Cipla wa India wakasema sisi tunaweza kwa dola 350. Dunia ikagawanyika, wengine wakasema Waafrika wanapelekewa takataka. Leo kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani, kwa manunuzi ya kimataifa kimeshuka chini ya dola 45 kwa mwaka, na kwetu tunapewa bure dirishani. Ni jeneriki. Sisi wote unaotuona kwenye foleni za CTC, kliniki za ARV, tunakula jeneriki kila siku, tumesomesha watoto na wengine tunabembea wajukuu, na virusi kwenye damu havionekani. Kwa hiyo ndugu yangu Bei_Inaongea, sijakutukana, ila mimi ndo hiyo bei rahisi yenyewe.

Bei_Inaongea:

Mdau hapo umenimaliza, heshima yako mkuu. Lakini losatani ya mzee sirudii, hiyo mnisamehe.

Kijana_wa_Tabata:

Wakuu nimerudi na mrejesho, nimesoma kila kitu na kuhusu hasira ya dada yangu, nimemtumia uzi mzima asome mwenyewe.

Nilimpigia daktari wa kliniki yake, nikamweleza habari ya kuruka dozi bila kumficha mama (mama alinuna kidogo, eti nimemshtaki). Daktari wala hakushangaa, akasema wanaoruka ni wengi kuliko wanaokiri, na kwamba yeye mwenyewe alikuta faili limeandikwa Norvasc akaendelea kunakili. Tena akasema miongozo ya wizara inataka cheti kiandikwe jina la kiini na si la biashara. Kaandika upya amlodipini 10 na atorvastatini 20, ya presha asubuhi ya kolestro jioni, na mama apimwe presha kila wiki zahanati ya jirani mpaka watakapoonana. Kwa dawa zote mbili nimetoa chini ya elfu 20. Nilikagua TMDA zote zipo. Hela iliyobaki nimenunua mashine ya kupimia presha ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, aliyeuza alitaka kunipa ya kifundo cha mkono nikakumbuka niliwahi kusoma humu kwamba zinadanganya sana.

Mama kakubali kwa shingo upande. Masharti yake ni kwamba nisitupe zile za zamani, "hizi ndo za kunisaidia nikizidiwa". Kwa hiyo kaziweka kabatini pembeni ya mpya. Hapo vipi, ziendelee kukaa au?

Dada_wa_Kaunta:

HAPANA mkuu, na hili ndo ninaloliogopa kuliko yote tuliyoandika humu. Norvasc na amlodipini ni dawa ile ile. Mama siku akiumwa kichwa atameza ya zamani juu ya mpya, anajua ni dawa mbili tofauti, kumbe kameza miligramu 20 za kitu kimoja. Presha inaweza kuporomoka, miguu ivimbe, aanguke bafuni. Nimeshaona bibi kaja na mfuko ana majina matatu ya dawa moja kutoka hospitali tatu na anameza zote.

Fanya hivi: zile nzima ambazo hazijatoka kwenye shiti na tarehe bado, azimalize kwanza kama dozi yake ya kila siku kisha ndo afungue mpya, au uziondoe nyumbani kabisa. Zile nusu zenye selotepu toa. Chukua maka peni, kwenye boksi la Norvasc andika kubwa PRESHA ASUBUHI, kwenye amlodipini andika PRESHA ASUBUHI hivyo hivyo, Lipitor na atorvastatini andika KOLESTRO JIONI, ili aone mwenyewe yenye maandishi yanayofanana hazinywewi pamoja. Na usimpigie mama peke yake, mpigie na anayekaa naye.

Kijana_wa_Tabata:

Anakaa na mtoto wa dada yangu, yuko fomu two, maka peni hiyo hakosi. Nampigia sasa hivi kabla mama hajalala.